Wamenipa Ulezi

Kharumwa, Jumapili. Vumbi tangu asubuhi. Mawingu yalikusanyika mchana, yakatutazama, yakaenda zake na mvua yake. Nami nimenuna, sitaki hata kuulizwa kuna nini.

Leo nimetolewa kwenye urushaji wa rede. Wamenitoa kwa vigelegele.

Kama unapita hapa kwa mara ya kwanza, jua kwamba huku kwetu rede tunacheza hata sisi wanawake wazima, tena kwa kugombana kabisa. Warushaji wawili wanasimama huku na huku. Mpinzani yuko katikati anajaza chupa mchanga, na mpira ukimgusa, katoka. Ukimkosa, mwenzako wa upande wa pili anaudaka na kuurudisha upesi kabla hajachota tena. Mmoja akichelewa, mmechelewa wote.

Mwenzangu ni Mama Limi. Tumerusha pamoja katika timu yetu ya Tulia Uone tangu Shija wangu ananyonya, na sasa Shija ana ndevu. Ile miaka jamani! Tulikuwa tunatoka kuponda mawe ya dhahabu, vumbi limetujaa hadi kwenye kope, tunakaza vitenge kiunoni na kwenda uwanjani hivyo hivyo. Tulifika mpaka Songwa tukawanyoosha. Siku moja nahodha wa Buseresere, mama mnene mwenye maneno mengi, alibaki peke yake katikati, akakaa chini akasema, "Nipigeni tu, nimechoka." Nikamrushia taratibu kama ninayempa mtoto chungwa. Watu walicheka mpaka wakalia.

Nilikuwa na mkono. Nalisema bila aibu.

Leo Buseresere walikuja tena. Mpira nimeushona mimi mwenyewe wiki hii, vitambaa kwa nje, mpira wa manati kwa ndani. Kabla hatujaanza, mwenyekiti wetu Mama Rehema, yule muuza dagaa, akashika kipaza sauti. Ati Mama Shija ametutumikia vya kutosha, kwa hiyo tumeona tumpe heshima, tangu leo ni mlezi wa timu.

Mlezi! Nani asiyejua mlezi ni nini? Ni kiti cha plastiki, soda ya moto, na maneno mawili ya shukrani mwishoni.

Na aliyenivisha kitenge cha ulezi mabegani ni Mama Limi. Ukishavishwa kitenge mbele za watu, huna pa kutokea. Ukikivua umewatukana wote, na utasemwa mpaka msibani kwako. Basi nikacheza nacho kidogo, nikasema asanteni sana. Mnafiki mkubwa mimi.

Nafasi yangu kapewa Kabula, binti wa juzi juzi tu. Akaja akapiga magoti, "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba huku nimekunja ngumi ndani ya kitenge.

Niliomba wafungwe. Ndiyo, niliomba, Mungu anisamehe.

Wameshinda. Tena vibaya. Mama Limi alikuwa anarusha kwa nguvu ambayo sijaiona siku nyingi, na Kabula anadaka kama paka. Buseresere hawakujaza hata nusu chupa.

Baada ya mchezo Mama Limi alinifuata mpaka nyumbani. Sikumkaribisha kiti. Nikamuuliza, "Bhebhe, wewe, ulijua?"

"Nilijua. Mimi ndiye niliyewaambia."

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Ni hilo jicho lako la kushoto, Mama Shija," akasema.

Kijiwe kiliponirukia kule kwenye kuponda, nilisema ni vumbi tu. Ukungu ulipobaki sikumwambia mtu, hata Baba Shija hajui. Nikajifunza kugeuza shingo kidogo nikidaka. Nikajiona mjanja.

"Msimu uliopita wote na huu nakurushia polepole ili uuone," akaendelea. "Wenzetu wanachota mchanga wanavyotaka. Tunafungwa, wananiambia mkono wangu umelegea. Nimenyamaza. Nimebeba peke yangu, mayu, mama yangu. Nimechoka."

Kila mpira niliodaka ukanirudia kichwani. Ile niliyoringia sokoni. Ile niliyomsimulia Shija kwenye simu. Kumbe nilikuwa napakatwa.

Nikamwambia atoke. Akatoka, na maji hakunywa.

Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani. Angenirushia kwa nguvu nikaukosa mbele ya watu, ingeuma siku moja. Ningetoka uwanjani kwa miguu yangu. Huruma yake imenila miezi yote hiyo nami nikiwa nacheka.

Kesho jioni mazoezi yakiisha nitamwomba tubaki wawili tu. Anirushie kama alivyomrushia Kabula leo. Nikidaka, kitenge chao nakirudisha mchana kweupe, waseme watakavyo. Nikikosa, nitakaa kwenye hicho kiti na nitanyamaza.

Sasa hivi nimefumba jicho la kulia nijaribu kusoma haya niliyoandika hapa kwenye simu. Naona mwanga tu. Hakuna hata herufi moja.

Hata hivyo kesho nitaenda.