Gari la Mafunzo Linakunywa

Jumatatu, 3 Machi

Bosi ameniita kabla sijavua kofia. Gari la mafunzo limekuwa mlevi, anasema. Tangi lililokuwa linatufikisha Ijumaa sasa linakauka Jumatano. Akautazama ukuta, akauambia kwamba siku hizi petroli ina tabia ya kwenda nyumbani na watu. Ukuta haukujibu. Nina mpaka mwisho wa mwezi, la sivyo gari anapewa mwalimu mwingine na mimi nabaki darasani kuchora kona kali ubaoni.

Kuitwa mwizi kwa mafumbo kunauma kuliko kuitwa waziwazi.

Jumanne, 4 Machi

Gereji. Fundi ana sababu za kumwaga: matairi kukosa upepo, chujio la hewa kuziba, plagi kuchoka, mizigo isiyo na kazi kwenye buti. Kwenye buti tumekuta matofali, koni za mazoezi na kiti kibovu cha bosi. Vyote nje. Matairi yamejazwa. Chujio la zamani lilikuwa na vumbi la kutosha kuotesha mahindi. Nimerudi napiga mluzi.

Jioni mama mkwe kaja. Anataka nimfundishe kuendesha. Anayo pikapu aliyoachiwa na marehemu, na sare za shule anazoshona hazijipeleki dukani. Anasema amechoka kuomba lifti kwa wakwe. Mkwe ni mimi peke yangu. Nikasema, "Sawa, mama." Ningesema nini?

Alhamisi, 6 Machi

Tangi lilikauka jana, kama kawaida yake. Fundi sasa anawalaumu wanafunzi — gia ya kwanza mpaka sokoni, mafuta wanakanyaga kama wanaua mende. Nimefarijika. Sababu ambayo si mimi ni sababu nzuri.

Pedi za breki nazo zimekwisha, mpya juzi tu. Na muuza mayai wa makutanoni kanisimamisha: eti taa zangu nyekundu za nyuma haziwahi kuzimika, hata mahali tambarare. Fundi akaliendesha gari mwenyewe, mimi nikasimama nje nikitazama. Zikazimika vizuri. "Kwangu mimi zina adabu," akasema. Nikamwambia abadilishe swichi ya taa za breki. Kabadilisha.

Jumamosi, 8 Machi

Somo la kwanza la mama mkwe. Mwanafunzi mwingine ningeshamfokea. Kwake ni, "Mama, samahani, ule ni mtaro."

Barabara ya hospitali akaegesha, vizuri kabisa, akazima injini, akanigeukia. "Mwanangu, nimekanyaga cherehani kabla hujazaliwa. Mguu wa mtu mwingine ukiwepo naujua." Nikatazama chini. Kiatu changu cha kulia kilikuwa juu ya breki ya mwalimu, ile ya upande wangu. Kimejikalia kama paka kwenye mkeka wake.

Sikumbuki kukiweka pale. Nikakiondoa. Gari likaondoka jepesi, kama limetua mzigo. Kabla ya kona kikarudi chenyewe. Mama mkwe akaguna tu.

Kwa hiyo mwizi nimempata. Kikulacho ki nguoni mwako — wangu yuko kwenye soksi.

Jumapili, 9 Machi

Nadhani ilianza na yule mwanafunzi bwana harusi aliyetuingiza na gari kwenye duka la viatu. Hakuumia mtu. Niandike tu, hakuna anayesoma: nawaogopa wanafunzi wangu. Wote. Mke wangu anasema hata usingizini nakanyaga. Alidhani ni ndoto za mpira.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemweleza bosi. Breki ikishikilia kidogo kidogo kutwa nzima, injini inavuta gari na breki pamoja, lazima mafuta yaende. Kacheka, si kwa furaha. Amefundisha udereva kabla sijaota ndevu, na mguu wake haujawahi kumtoroka. Mwalimu wa kweli, mguu uko chini. Nitafute hadithi nyingine.

Nikamwambia basi apande yeye, akae mahali pangu, mimi nyuma. Kakubali. Mwanafunzi ni mama mkwe. Nilipomwambia, aliuliza kama bosi ni mtu wa kuogopwa. Nikasema ndiyo. "Haya, tutaona," akasema, akaendelea kupiga pasi.

Jumanne, 11 Machi

Naandika nikiwa kiti cha nyuma, daftari gotini, ili mikono ipate kazi. Mwandiko mbaya, gari linatikisika. Bosi kakaa mahali pangu, mikono kifuani. Viatu vinang'aa, viko sakafuni, mbali na pedali. Kaniambia niutazame mguu wa mwalimu. Nautazama.

Mama mkwe katoka getini bila shida. Barabara ya hospitali. Gia ya pili. Ya tatu — hiyo sikumfundisha! Mteremko. Chini kuna makutano, na lori la mchanga linaingia taratibu. Bosi anaeleza habari za subira. Sauti imepanda kidogo.

Kiatu cha kulia kimesogea. Bado anaongea. Kimepanda pedali. Kimetulia.

Gari limekuwa zito. Mama mkwe kanitupia jicho kwenye kioo, mara moja, kisha akarudisha macho barabarani. Mimi bado naandika. "Unaona, mwalimu?" anasema bosi, macho yote kwenye lori. "Mguu uko chini."

Tunampita muuza mayai. Kaweka trei chini, anazinyooshea kidole taa zetu za nyuma, anaita.