Kahawa Juu ya Shimo la Karatasi

Dada Osmunda,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana ofisini tumebaki mimi na kiti chako.

Nakupa habari za chuo. Ule mpango wako wa kufundisha bila karatasi, ulioupigania hadi ukalazwa, umeanza. Wanachuo wanasomea kwenye simu na vishikwambi, kazi wanatuma kwa mtandao, nami nasahihisha kwenye kompyuta. Mashine ya kudurufu imefunikwa kitenge. Gari haliendi tena Songea kufuata maboksi ya karatasi, yale uliyosema kila moja ni mti ulioangushwa mahali fulani. Kijito cha nyuma ya chuo hakibebi majivu, na mama wa jikoni anasema maharage yanaiva bila vumbi jeusi juu yake. Hata kikohozi changu kimepoa. Chako ndicho ninachokisikia bado.

Unakumbuka ilivyoanza? Tulikuwa Lituhi, kule ziwani, tukinunua usipa, yule mama akakufungia kwenye karatasi ya mtihani uliyoisahihisha mwenyewe. Alama thelathini na nane kwa wino wako mwekundu, na samaki juu yake. Ulicheka mpaka ukakaa mchangani. "Huyu angalau amefaulu kufunga usipa," ulisema. Mkuu wa chuo aliposikia hakucheka. Akaagiza karatasi zote kuukuu zichomwe, shimo likachimbwa nyuma ya ofisi yetu, na kila mwisho wa muhula moshi ukaingia dirishani. Wewe na pumu yako ukawa unatoka nje umejiziba kitenge. "Dawa si kuchoma, dawa ni kutochapa," ukawaambia. Wakakuona mkorofi.

Daktari alisema kilichokuchukua ni moyo, si moshi. Namwamini. Ila lile shimo nililichukia, Dada, na hasira haijaniisha.

Mwezi uliopita nusura mpango wako ufe. Umeme ulikatika wiki ya mitihani, wanachuo wa kule ziwani mtandao ukawagomea, kazi zao hazikufika. Kikao kikaitwa. Wenzetu wakataka turudi kwenye karatasi, na shimo liwashwe kama zamani. Niliogopa kusimama. Wewe ndiye uliyekuwa msemaji, mimi mbeba mafaili. Nikasimama hivyo hivyo. Nikakubali kwamba shida ipo, na kwamba hata simu ikifa ni takataka. Nikaomba chumba kimoja chenye umeme wa jua, wanachuo wapakue masomo kabla ya kwenda kwao na kuwasilisha kazi wakirudi. Wakanipa muhula mmoja wa kujaribu. Mmoja tu.

Nilikwenda Matiri kumsalimu mama yako, nikamweleza yote. Jumamosi iliyofuata akatokea chuoni na kikapu cha miche ya kahawa. Tukalifukia shimo kwa udongo na samadi. Akaniuliza, "Moshi wa mwanangu ulikuwa unatokea hapa?" Nikamwambia ndiyo, mama. Akainama akapanda mche wa kwanza. Mimi nililia, yeye hakulia.

Mkuu wa chuo alipita akauliza nani katoa ruhusa. Mama yako akamsalimia vizuri, akaendelea kushindilia udongo. Mkuu akaitazama miche, akaenda zake. Kesho yake nikakuta kila mche umewekewa kivuli cha majani, na mlinzi akaniambia aliyeweka ni mkuu mwenyewe.

Muhula ukiisha watakaa kikao tena. Wakae tu. Nataka nimwone huyo Mmatengo aliyelelewa kwa kahawa atakayeng'oa miche ili apate pa kuchomea karatasi.

Barua hii nimeiandika nyuma ya mtihani wako wa zamani, na najua ungenigombeza. Pumzika, Dada. Miche nitaipalilia mimi, na kikaoni nitasimama tena.

Mdogo wako,
Festa