Nimemwambia Hamadi Kweli

Bi Zuwena, mwalimu wangu,

Amani iwe juu yako huko ulikotutangulia. Nakuandikia maana sina pengine pa kulipeleka hili.

Tangu tukuzike, chumba chetu cha mazoezi ya viungo pale hospitali kimepoa. Unakumbuka Alkhamisi baada ya adhuhuri tulivyokuwa tukikaa mkekani, wewe na mie na wenzetu wawili, kila mtu akaleta jambo la mgonjwa lililomkwama? Hukuwa ukitupa jibu. Ulimenya chungwa lako polepole, ukatuuliza, "Na mwenyewe kasemaje?" Mara nyingi hatukuwa tumemwuliza. Tulikuwa tukiona haya.

Siku hizi hatukai tena. Mmoja kahamia Unguja, na aliyebaki huniambia, "Rehema, fanyisha watu mazoezi, wacha maneno." Tulipokuwa tukitandika mkeka pamerundikwa magongo mabovu.

Sasa sikiliza. Aliletwa Hamadi, mchumaji karafuu wa Mgogoni. Tawi lilimkatikia, akaanguka, uti wa mgongo ukavunjika. Kuanzia kiunoni kwenda chini hausikii mwili wake. Daktari alimweleza kaka yake, Faki, kwamba miguu haitarudi. Faki akanivuta ukumbini, akaniomba nisimwambie. Alisema nduguye ana watoto wadogo, akijua atakata tamaa afe. Hakuwa mtu mbaya, Bi Zuwena. Alinisihi huku analia.

Lakini kazi yetu ni kumfunza mtu aishi na mwili alionao. Nilimletea Hamadi kiti cha magurudumu, akakisukuma pembeni. Nikamfunza kujigeuza kitandani asipate vidonda, akacheka. Akasema ya nini hayo, naye karibu atatoka kwa miguu yake. Ngozi ya makalio ikaanza kuchubuka. Nikaona wazi kuwa ule uficho ndio unaomla. Nikamrudia Faki, nikamwomba tumwambie pamoja. Akakataa. Daktari naye akasema hayo ni ya familia.

Asubuhi moja, nikiwa namgeuza, Hamadi akanishika mkono.

"Bi Rehema, n'ambie kweli. Miguu hii itarudi?"

Nilitamani uingie mlangoni. Nikamwuliza kama kweli anataka kujua. Akasema anataka.

"Hatutarajii irudi, Hamadi," nikamwambia. "Lakini mikono unayo, na mie nipo."

Nikakaa naye, kama ulivyotufunza kwamba ukweli hautupwi tu, kisha mtu akaondoka zake. Hakulia. Aligeuza uso ukutani, na tangu hapo hakunisemesha.

Kesho yake Faki akaja na gari, akamchukua. Mbele ya wodi nzima akaniambia, "Umemuua ndugu yangu." Hakupaza sauti.

Nimekwenda Mgogoni kumtazama. Faki alisimama mlangoni, akasema mgonjwa kalala. Hakunitukana. Lakini nilisikia harufu ya kidonda ikitoka ndani. Naijua harufu ile. Wewe ndiye uliyenifunza kuijua. Nikarudi njia nzima sioni ninapokanyaga.

Kama ningenyamaza, pengine angekuwa bado wodini, namgeuza kwa mikono yangu. Aliniuliza mwenyewe, nikamjibu, na kidonda kimezidi. Mbona hukutuambia kuwa mtu anaweza kutenda haki na asimfae mtu? Au ulijua, ukatuhurumia? Siku hizi naswali, rakaa zinanipotea. Wagonjwa wengine wakiniuliza jambo, ulimi unakuwa mzito. Naogopa, Bi Zuwena, na hakuna wa kumwambia kuwa naogopa.

Buriani, mwalimu wangu. Mola akupanulie kaburi lako, akutilie nuru.

Ijumaa nakwenda tena Mgogoni. Nitachukua dawa ya kusafishia kidonda na mto wa kukalia. Nitamtaka Faki radhi kwa uchungu niliomtia. Kwa nililosema, siwezi. Na akinizuia, nitaomba aniletee godoro pale pale barazani, nimfunze yeye namna ya kumgeuza nduguye. Nakuahidi hilo. Hata kama Hamadi hatanisemesha tena maisha yake yote, simwachi.

Mwanafunzi wako,
Rehema