Ule muzee hakukufa

Papa angali anapiga kelele mu chumba, basi najibu hapa ku karatasi: hapana, kuomba pardon kwa patron siendi.

Maman, maharagi iko ku moto, ongeza maji.

Nilikosa mara moja tu. Ku komuniké ya kilio, ile tangazo ya kifo ya kusoma ku redio, niliandika jina ya muzee mwenye kuilipia mahali ya jina ya marehemu. Watu wakaenda kumulilia, wakamukuta anakula. Jana patron akanifukuza ku kazi.

Naenda Kamituga na rafiki zangu Josué na Bulonza, mu gari ya mujomba ya Bulonza. Hatuendi kuchimba zahabu, ni kutembea tu. ~~Narudi dimanche.~~ Papa amesema nikitoka nisirudie. Maman, kama ni kasirani tu inamusemesha, dimanche, siku ya misa, uache dirisha ya salon wazi, nitajua.

Nafunga mulango pole pole, asiwaze na miye napiga kelele.

Mutoto wenu wa kwanza