Maneno ya Kitambaa cha Kanisa

Jumatatu, 9 Juni

Alhamdulillah, kazi imeingia. Mama Pacha, mwenzangu kwa miaka kumi na moja sasa kwenye chumba hiki cha ushonaji, ameleta kitambaa cheupe cha meza ya kanisani kwao. Yeye hukata na kupiga cherehani, mimi natarizi kwa mkono. Majani ya mzabibu pembeni, maneno katikati. Kinachukuliwa Jumamosi. Karatasi ya maneno kaisahau kwake. Nimeanza majani. Uzi wa kijani umekaa vizuri mno — nimejisifu kidogo, Mungu anisamehe.

Jumanne, 10 Juni

Karatasi imekuja. YESU NI MUNGU. Nimeisoma mara mbili, nikaikunja, nikaendelea na majani.

Jumatano, 11 Juni

Bado majani. Mama Pacha kainama, kaangalia, kaniuliza hili ni pambo au shamba. Nikacheka, nikaongeza jani lingine.

Shida yangu ni hii: sijui kutarizi neno bila kulisema. Ndivyo alivyonifundisha marehemu mama. Kila herufi naitamka chini chini, neno likiisha nalirudia zima. Ndiyo maana sikosei. Mashuka ya maharusi, majina ya watoto, yote nimeyasema kwa kinywa changu. Sasa hili nitalisemaje?

Mume wangu anasema ni uzi tu, nisijitie presha. Uzi kwake yeye, labda.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemwambia Mama Pacha. Nilimweleza kwamba Yesu naweza kumshona kwa furaha, na Mungu vilevile, ila kusema huyu ndiye yule, kwa mkono wangu — hapana. Akaweka mkasi mezani. Kisha akauliza, ina maana miaka yote hii namwona anaabudu mtu tu? Swali zito. Nikamjibu namwona anampenda Mungu kuliko wengi ninaosali nao. Lakini mimi Nabii Isa namjua kuwa mtume, mwana wa Maryamu, aliyezaliwa bila baba. Nampenda. Ila alikuwa akisali, na anayesali ana anayemwomba.

"Dada," akasema, "na Mungu akitaka kuja kukaa na sisi, nani atamzuia?"

Nikasema hakuna wa kumzuia, ila mimi sijaona kwamba alitaka hivyo. Akasema yeye ameona. Basi, kila mtu akarudi kwenye kazi yake.

Baadaye akatoa wazo: nishone mwanzo na mwisho, ile NI ya katikati atajaza yeye. Nikamuuliza, hasa tunataka kumpiga chenga nani hapo? Akacheka. Lakini jioni kaondoka bila kuniaga. Hajawahi.

Ijumaa, 13 Juni

Nimerudi kutoka kusali, namkuta kwenye kiti changu, sindano mkononi. Kaamua kushona mwenyewe — mtu ambaye hajatarizi hata leso! Y imelala kama mlevi. Nikavuta kigoda. Usivute uzi, chomeka karibu karibu, fremu ya kubania kitambaa ikaze. Mwishowe nikamshikia fremu. Nimejiuliza kama na hilo ni kosa, nafsi ikatulia. Mkono namsaidia, kinywa ni chake. Na kinywa kilikuwa kazini: naye ameanza kutamka herufi, kama mimi. Neno la kwanza lilipoisha akafuta machozi kwa kola. Nikamwambia limepinda, lakini limeshonwa na anayelimaanisha. Akasema hiyo ni sifa gani sasa.

Leo kaniaga. Kaniaga mara mbili. Nimefika nyumbani nimeshiba kabla ya kula.

Jumamosi, 14 Juni

Mama wa kwaya wa kanisani kwao kafika mapema kukichukua kitambaa, wakati bado herufi tatu. Kavaa miwani, kapitisha kidole juu ya Y. Kauliza nani kashona hivi, maana wao waliagiza mkono wangu, na kesho kitakuwa mbele ya watu wote. Nikafungua mdomo niseme kosa ni langu. Mama Pacha akaniwahi.

"Dada yangu haamini haya. Mimi naamini. Ndiyo maana nimeshona mwenyewe."

Mama wa kwaya kanitazama mimi, kamtazama yeye, kaketi. Hajasema anakipokea wala anakikataa. Kaomba maji, nimempa. Naandika hapa pembeni, Mama Pacha anatunga uzi mara ya nne na tundu halionekani kwa machozi. Fremu inacheza mapajani mwake. Ngoja nikamshikie —