Breki Zilikuwa Nzima

Mbeya, Jumapili mchana

Kamwene Baba,

Shikamoo. Naamini barua hii imekukuta umekaa nje unaota jua, na kikohozi cha baridi kimekupa nafasi ya kupumua. Mama naye vipi, magoti bado yanamsumbua akishuka vinyunguni, kwenye bustani za bondeni? Huku baridi ya mwezi huu haina adabu, maji ya bomba asubuhi yanakata vidole. Mimi nakula, nalala, nacheka na watu. Mgongo ni ule ule, na ndio ulionikalisha niandike.

Utashangaa kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Baba, simu yako siyo simu, ni mkutano wa hadhara. Wiki iliyopita nilisema tu kwamba madaktari wameniruhusu nistaafu, nikasikia Mama analia, jirani anauliza kuna nini, na wewe ukapiga kelele, "Usisaini!" Halafu ikakatika. Nilikasirika, sikufichi. Hukuniuliza hata naumwaje. Kwa hiyo leo utanisoma mpaka mwisho, na hakuna wa kunikatiza.

Kazi yangu unaijua, nawafundisha makuruta kuendesha malori. Kwa miaka mitatu sasa mguu wa kulia unakufa ganzi, na chanzo ni mgongo. Nikaficha. Nilikuwa najifunga kanga kiunoni ndani ya kombati, nimeikaza kama mzazi wa jana, kisha napanda lori natabasamu. Wenzangu wakienda mbio za asubuhi, mimi najipangia kukagua magari. Watu wakasema Sajenti Oresta anapenda kazi. Nikazipokea hizo sifa bila haya.

Mwezi uliopita tulikuwa njia ya Chunya, kule juu wanakolima viazi. Nilikaa kwenye usukani mwenyewe niwaonyeshe makuruta namna ya kusimamisha lori mlimani na kuliondoa tena. Nikakanyaga breki. Yaani nilidhani nimekanyaga. Mguu ulikuwa pembeni ya pedali na mimi sina habari. Lori likaanza kurudi nyuma, polepole, kisha siyo polepole. Kuruta Zawadi, binti mdogo wa Njombe aliyekaa karibu yangu, akavuta breki ya mkono kwa mikono yake miwili. Tukasimama ndani ya shamba la watu. Ndani ya lori, kule nyuma, walikuwa wamekaa makuruta watano, Baba. Hakuna aliyeumia, lakini usiku bado nawahesabu mmoja mmoja.

Mwenye shamba, mama mmoja wa Kisafwa, akaja na jembe begani. Nikajua leo nalila jembe. Akatutazama, akasema, "Afande, mmekuja kulima au kuharibu?" Nikamwomba radhi, makuruta wakashuka wakainua matuta yake upya. Mimi sikuweza kuinama. Nilisimama pale kama bwana shamba, natoa maelekezo. Kisha nikamwambia Zawadi aturudishe kikosini.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Kwetu gari likirudi, dereva lazima aandike kasoro zake kwenye daftari la gari, ili fundi ajue pa kugusa. Makuruta nawafundisha hilo kabla hata ya kuwasha injini. Siku ile nilichukua daftari nikaandika: breki hazishiki.

Lori lile lilikuwa limehudumiwa na Koplo Sanga wa karakana. Akalala chini yake siku mbili, akafungua kila kitu, akafunga. Breki zilikuwa nzima. Lakini daftari lilisema mbovu, na sahihi ya huduma ilikuwa yake, hivyo akaitwa ajieleze kwa uzembe. Zawadi akanifuata nje ya karakana.

"Afande, naomba kusema."

"Sema."

"Zile breki nilizikanyaga mimi tukirudi. Zinashika vizuri kabisa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Koplo anaonewa, afande. Na ungejua ni mbovu, usingenipa lori mimi kuruta nilishushe mlima ule."

Nilimfokea mtoto wa watu, nikamwambia aondoke mbele yangu. Akaondoka. Nikabaki na aibu ambayo sijawahi kuionja tangu nizaliwe. Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa kikosi, nikasema yote, hata habari ya kanga. Koplo akaondolewa lawama. Mimi nikapewa karipio la maandishi, nililistahili, kisha nikapelekwa kwenye bodi ya madaktari.

Bodi imenipa njia mbili: nistaafu kwa ugonjwa, au nibaki kwa kazi nyepesi ya stoo, nigawe sabuni na mabuti mpaka muda wangu utimie. Mkuu wa kikosi angependa nibaki, na nilijaribu. Wiki ya kwanza nilikwenda vizuri. Wiki ya pili daktari akaniuliza hali, nikamjibu "sijambo kabisa", na muda huo nimejifunga kanga. Hapo nikajitambua. Nikiwa ndani ya kombati siwezi kusema naumwa, Baba. Sijui ni kiburi au ni mazoea, ila najua nitaficha tena, na atakayeumia anaweza kuwa mtoto wa mtu.

Najua unachoogopa wewe. Unamwogopa Baba Mkubwa. Siku ile naingia jeshini, aliposema sebuleni kwake kwamba jeshi litamrudisha binti yako kilema, ulimjibu mbele ya ukoo mzima kwamba Oresta atarudi na nyota begani. Nyota sikuzipata, nimeishia V tatu za mkononi, na kweli nachechemea. Inaniuma kukuletea jambo hili. Ulisimama peke yako kunitetea, na nimelia kwa ajili yako kuliko nilivyoililia kazi.

Hata hivyo Ijumaa nasaini. Sikuombi ruhusa, nakuarifu kwa heshima zote. Karatasi zitakwenda makao makuu na kurudi kwa muda wake, halafu nitafungasha. Mama asianze kunitafutia kuku wa kuchunga. Nitafundisha udereva hapo Iringa mjini, mdomo wangu bado unafanya kazi, pedali atakanyaga mwingine.

Aliyekuletea barua hii ndiye huyo Koplo Sanga. Anakwenda likizo kwa wakwe zake Idodi, na basi lao linapita hapo Kalenga. Aliposikia nakuandikia, alisema, "Nipe nipeleke, afande." Amenisamehe kuliko nilivyojisamehe. Asiondoke kwako bila kula.

Nisalimie Mama, mwambie dawa ya kuchua magoti nimempa Koplo pamoja na barua. Nisalimie dada Tula wa Ipogolo na mumewe, na katekista wetu aliyeniombea nilipoondoka. Baba Mkubwa naye msalimie sana. Akikuuliza kama ni kweli nachechemea, mjibu ndiyo, usimtafutie maneno mengine.

Nitakuja kumwamkia mwenyewe, pale pale sebuleni kwake, nikichechemea mbele ya wote. Ninaomba kitu kimoja tu. Siku hiyo usikimbilie shambani. Uwepo, Baba, na uniwekee kiti wewe mwenyewe, kwa mkono wako, waone. Kiwe kiti chenye egemeo, maana stuli siwezi tena.

Binti yako, na bado Sajenti kwa siku zilizobaki,

Oresta