Moyo Ulionigonga Mgongoni

Mura, kijana wangu,

Juzi hapa kijijini Susuni nimemshinda ndama mbio. Haya, ndama alikuwa amefungwa. Bibi yako mzima, bado ananisema.

Unasema daktari kasema presha yako inapanda kwa unene, ukauliza kama zamani wanene hawakuwepo. Alikuwepo baba yangu mkubwa, tajiri wa ng'ombe. Sisi tulichunga, yeye alikaa kigodani akila nyama, na kitambi chake tulikiheshimu kama cheo. Siku ya mahari ya bintiye akapanda kilima kukagua ng'ombe mwenyewe. Katikati ya kilima akaniegemea mgongoni mimi niliyekuwa mbele yake.

"Ngoja kidogo, mura," akanong'ona.

Nikausikia moyo wake ukinigonga mgongoni. Nilidhani tajiri ana moyo mkubwa kama fahali. Kumbe ni huohuo mmoja kama wetu, umebeba lile jitu zima usiku na mchana, haujawahi hata kukaa.

Wewe hata ng'ombe huna. Kitambi umekipata kwa chipsi, soda na bodaboda.

Ulipokuwa mdogo nilikubeba mgongoni mpaka kliniki, na fadhila hiyo hujairudisha. Ukija likizo, twende mnadani kwa miguu, polepole, unibebee fimbo tu.

Babu yako